Udongo wa Kupaka na Kubandika: Mwongozo Kamili kwa Uso na Viungo

Wengi wanaojaribu udongo nyumbani hapa Dar es Salaam wanakwama palepale. Unga unafanya madonge na haulainiki hata ukorogwe vipi. Uso unawaka, ukishaoshwa unabaki na ukavu unaovuta ngozi, na baada ya wiki yanatokea mabaka meusi. Goti linabandikwa tope usiku kucha, asubuhi ngozi imechubuka na maumivu yako vilevile. Wapo pia walionunua unga mweupe mjini wakidhani ni udongo, kumbe ni jasi ya dari.

Mwongozo huu unahusu kazi mbili tu. Ya kwanza ni kupaka udongo usoni kwa ngozi yenye mafuta na chunusi ndogo. Ya pili ni kubandika udongo kwenye goti, bega au kiuno kinachouma. Kula udongo na kunywa maji yake sikufundishi, na sababu zake nimezieleza kwa urefu huko chini, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia zaidi.

Vitu vya kuandaa

- Udongo mkavu wa unga. Gramu 100 zinatosha uso kwa wiki nyingi. Kwa goti andaa gramu 300 hivi.
- Maji ya chupa, au maji ya bomba yaliyochemshwa yakapoa. Usitumie maji ya kisima yenye chumvi.
- Bakuli la kioo au plastiki, na kijiko cha mbao au plastiki.
- Barakoa ya kuzuia vumbi.
- Kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa na kupigwa pasi, pamoja na bandeji ya kufungia.
- Taulo ndogo mbili na beseni.
- Gliserini kutoka duka la dawa.
- Losheni nyepesi isiyo na manukato, ya kupaka baada ya kuosha.
- Simu yenye saa ya kuhesabu dakika.

Kuhusu kijiko: wapo wanaoamini chuma kinaua nguvu ya udongo. Kijiko cha chuma kisichoshika kutu, kikikoroga dakika mbili, hakiharibu chochote. Tatizo ni kuacha tope bichi ndani ya sufuria ya alumini au bati siku nzima, hasa kama limechanganywa na kitu kichachu. Plastiki na mbao zinakuondolea wasiwasi huo.

Ujue kwanza unanunua udongo gani

Udongo hauna aina moja, na hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia.

*Kaolini* ni mweupe, laini, hauvimbi ukiloweshwa, na hauna ukali mkubwa kwa ngozi. Ndio ninaomshauri kila anayeanza. Vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, vina hazina kubwa ya kaolini, kwa hiyo Dar udongo huu si mgeni. Lakini usichukue ndoo ukaenda kuchimba mwenyewe. Kaolini ya Pugu iliyo mlimani imechanganyika na mchanga mgumu unaokwaruza ngozi, na udongo uliotoka moja kwa moja ardhini hubeba vijidudu. Unaotakiwa ni ule uliooshwa, ukachujwa na kufungwa kwa matumizi ya ngozi.

*Bentonaiti* ni wa kijivu au rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majivu. Huu unavimba sana ukipata maji, unashika mafuta kwa nguvu, na pH yake, yaani kipimo cha uchachu au ukali, kwa kawaida ni kati ya 8.5 na 10. Ngozi ya uso yenye afya iko karibu na 5. Pengo hilo ndilo linalofanya bentonaiti ikaushe na kuwasha. Unafaa ngozi yenye mafuta mengi, kwa muda mfupi.

*Multani mitti* unapatikana kwenye maduka ya bidhaa za Kihindi mjini. Una rangi ya manjano iliyofifia na unafyonza mafuta vizuri. Soma pakiti: nyingine zimeongezwa manukato au unga wa ganda la chungwa, na hivyo ndivyo vinavyowawasha watu, si udongo wenyewe.

Sasa ya kuepuka. Dar ina wachimbaji wengi wa visima, na baadhi ya maduka ya vifaa huuza bentonaiti ya kuchimbia. Ni bei nafuu, ipo kwa magunia, na jina ni lilelile. Huo umetengenezwa kwa ajili ya mashimo ya maji na mara nyingi umeongezwa kemikali za kuufanya uteleze na kuvimba zaidi. Usiuguse uso wako nao. Usinunue pia unga mweupe usio na maandishi unaopimwa kwenye kopo. Jasi, chokaa na kaolini zikiwa zimekaa pamoja mezani huwezi kuzitofautisha kwa macho, na mbili za kwanza zinaunguza.

Muulize muuzaji kwa upole: "Kaka, huu umetengenezwa wapi, na ni wa ngozi au wa ujenzi?" Akikujibu, "Dada yangu, huu unang'arisha siku tatu tu," ondoka. Udongo haubadilishi rangi ya ngozi. Unga unaong'arisha kwa siku tatu una kitu kingine ndani, na zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini katika vipodozi kwa sababu ya madhara yake.

Hatua ya 1: Pima udongo kabla haujagusa ngozi

Fanya majaribio haya manne jikoni. Yote hayazidi saa moja.

Kwanza, weka kijiko kimoja cha unga kwenye kifuniko cha chupa, tia maji kidogo, koroga, uache nusu saa. Ukipata joto kisha ukaganda na kuwa mgumu, hiyo ni jasi. Ukichemka au kupata joto kali mara tu unapotia maji, ni chokaa. Tupa vyote viwili.

Pili, dondoshea siki nyeupe kwenye unga mkavu. Povu jingi linamaanisha umechanganywa na chaki au chokaa. Mapovu machache yanayokufa upesi si tatizo, kwa sababu bentonaiti nyingine zina chokaa kidogo ya asili.

Tatu, weka kijiko kimoja kwenye glasi ya maji safi, funika, tikisa kwa nguvu, halafu weka mezani. Kilichofika chini ndani ya dakika ya kwanza ni mchanga. Udongo wa kweli unaacha maji yakiwa na ukungu kwa saa kadhaa.

Nne, lowesha unga kidogo uusugue katikati ya vipande viwili vya kioo au sahani. Ukisikia unakwaruza, una mchanga. Usiupime kwa meno, hata kama ndivyo ulivyofundishwa.

Umefaulu kama unga haukupata joto, haukuganda, haukutoa povu jingi, maji yamebaki na ukungu na kioo hakikukwaruzika.

Lakini majaribio haya hayaonyeshi madini ya risasi. Risasi haina harufu, haina ladha, haibadilishi rangi ya udongo, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama mwilini. Mwaka 2016 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaonya watumiaji juu ya bidhaa za bentonaiti zilizokutwa na risasi nyingi, na hizo zilikuwa zimefungwa vizuri na kuuzwa kwa jina. Kwa hiyo nunua bidhaa yenye jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS (Shirika la Viwango Tanzania), nao unaweza kuwauliza kama bidhaa imesajiliwa. Na wewe unayetaka kufunga udongo na kuwauzia wengine, peleka sampuli maabara, kwa mfano kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kabla hujabandika lebo ya kwanza. Hilo ni deni lako kwa wateja.

Hatua ya 2: Jaribu kwenye mkono

Koroga kijiko kidogo cha unga na maji. Paka upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, eneo la ukubwa wa sarafu. Acha dakika 10, osha, kisha subiri saa 24. Mwenye ngozi inayoudhika upesi asubiri saa 48.

Sababu ni hii: ngozi nyeusi ikiudhika huacha baka linaloweza kukaa miezi. Kungoja siku mbili ni kazi ndogo kuliko kuliondoa baka hilo shavuni.

Umefaulu kama hakuna muwasho, vipele wala uvimbe. Ukiona chochote, udongo huo si wako.

Ruka udongo wa uso kabisa kama umetumia mkorogo miezi ya karibuni. Mkorogo huikondesha ngozi, na udongo ukiikausha juu ya hapo itapasuka na kuuma. Ruka pia kama daktari amekuandikia tretinoini au dawa nyingine ya chunusi inayomenya ngozi, au kama una pumu ya ngozi iliyoamka.

Hatua ya 3: Koroga bila madonge

Vaa barakoa, zima feni. Vumbi la udongo lina chembe za silika, na kulivuta mara kwa mara kunaharibu mapafu. Mtoto asiwe karibu.

Kwa kaolini, weka vijiko viwili vya chakula vya unga kwenye bakuli, tia kijiko kimoja cha maji, koroga, kisha ongeza maji kwa matone mpaka upate uzito wa mtindi mzito.

Kwa bentonaiti, utaratibu unageuka, na hapa ndipo karibu kila mtu anakosea. Maji yanatangulia. Weka vijiko viwili au vitatu vya maji kwenye bakuli, nyunyiza kijiko kimoja cha unga juu yake kidogokidogo, halafu uache. Usikoroge. Subiri dakika 15 hadi 20 udongo unywe maji wenyewe, ndipo ukoroge. Ukimwaga maji juu ya unga, tabaka la juu linavimba na kuziba, maji hayafiki chini, na unabaki na madonge yenye unga mkavu ndani.

Kama umefuata utaratibu huu na bado yapo madonge, angalia maji. Sehemu nyingi za jiji zinatumia maji ya kisima, na visima vingi vina chumvi. Bentonaiti haivimbi vizuri kwenye maji ya chumvi. Inashikana na kuzama chini, na hakuna kukoroga kutakakoisaidia. Badili maji, tumia ya chupa. Nimeona watu wakimlaumu muuzaji wa udongo kwa kosa la maji ya kisima chao.

Umefaulu kama tope ni laini, linang'aa kidogo, na ukiinua kijiko linashuka taratibu bila kudondoka kama maji.

Usichoongeza

Maji ya waridi yasiyo na rangi yanaruhusiwa mahali pa maji ya kawaida. Asali kijiko kidogo inaruhusiwa kwa ngozi kavu. Liwa ina heshima yake mwambao huu na sina neno nayo, ila ijaribu peke yake mkononi kwanza, ili ikitokea muwasho ujue umetoka wapi.

Ndimu, hapana. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua la Dar likaipiga, yanaunguza na kuacha alama nyeusi. Magadi, hapana, kwa sababu yanazidisha ukali ambao bentonaiti tayari inao. Dawa ya meno, mafuta ya karafuu na tangawizi mbichi, hapana. Kuna wanaotumia siki ya tufaha mahali pa maji ili kupunguza ukali wa bentonaiti. Hesabu yao ina maana, lakini siki isiyopimwa nayo inachubua. Ukihitaji udongo mpole, tumia kaolini, suala limeisha.

Hatua ya 4: Paka usoni

Nawa kwa sabuni ya kawaida, ukaushe uso kwa kupapasa taulo. Paka tabaka la milimita 2 hadi 3. Tabaka jembamba linakauka kabla halijafanya kazi.

Acha macho, midomo, mabawa ya pua yaliyochubuka, na chunusi yoyote iliyopasuka. Mwenye ndevu apake juu ya shavu tu, maana udongo ukishika kwenye vinyweleo vilivyonyolewa jana unachochea vipele vya kunyolea.

Weka saa. Kaolini dakika 10. Bentonaiti na multani mitti dakika 5 hadi 8. Usikae mbele ya feni, na ukiwa chumba chenye kiyoyozi punguza dakika mbili.

Hatua ya 5: Toa kabla haujakauka

Ningeweza kuandika mwongozo mzima juu ya hatua hii peke yake. Watu wamezoea kungoja mpaka udongo upasuke na uso ukaze wasiweze kucheka, wakiamini hapo ndipo unapofanya kazi. Ni kinyume. Ukiwa mbichi, udongo unashika mafuta na uchafu ulio juu ya ngozi. Ukianza kukauka unasinyaa na kunyonya maji ya ngozi yenyewe. Ule mkazo unaousikia ni ngozi inayonyang'anywa unyevu, na kesho yake inajibu kwa ukavu.

Toa pale kingo zinapoanza kupauka huku katikati bado pana unyevu. Ukiona umechelewa, usikwangue. Weka taulo lililoloweshwa maji ya vuguvugu juu ya uso kwa dakika moja, udongo utalainika.

Futa kwanza kwa taulo, ndipo uoshe kwa maji. Paka losheni ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya nazi yanafaa mikono na miguu, lakini kwa uso wenye chunusi yanaweza kuziba vinyweleo. Ukitoka mchana paka kinga ya jua.

Umefaulu kama uso ni laini, haung'ai mafuta, hauvuti, na hauna joto. Uwekundu au joto linalozidi nusu saa ni dalili ya kuudhika. Wapo watakaokwambia hiyo ni sumu inatoka mwilini. Si kweli. Udongo haufiki kwenye damu kupitia ngozi nzima, wala hauvuti sumu kutoka ndani. Kazi hiyo ni ya ini na figo.

Ngozi yenye mafuta irudie mara moja kwa wiki. Ngozi kavu mara moja kwa wiki mbili, kwa kaolini tu. Chunusi kubwa zenye usaha, zinazouma zikiguswa, zinahitaji daktari wa ngozi.

Na vipele vya joto vile vya Februari na Machi? Usihangaike na tope. Losheni ya kalamini ya duka la dawa inatuliza muwasho, na ile ya kawaida imetengenezwa kwa bentonaiti ndani yake, tayari imepimwa.

Hatua ya 6: Bandika kwenye goti au kiuno

Kwanza ujue kama maumivu yako yanafaa udongo. Yanayofaa ni goti lililochakaa linalokakamaa asubuhi, kiuno kilichochoka kwa kuinua mizigo, bega la mtu aliyekaa kwenye mashine ya kushona siku nzima. Majaribio kwa wagonjwa wa goti lililochakaa yameonyesha kwamba tope la madini la moto hupunguza maumivu. Nafuu hiyo ni ya muda. Haijengi upya gegedu lililolika.

Yasiyofaa, na yanayohitaji hospitali leo: kiungo kilichovimba ghafla, chenye joto, pamoja na homa, mguu mmoja uliovimba na kuuma kwenye kigimbi, maumivu baada ya kuanguka kwa bodaboda, maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi au kushindwa kuzuia mkojo.

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asibandike udongo wa moto kabisa. Ataungua asijue.

Tumia kaolini. Changanya gramu 300 na maji kiasi cha kikombe, ukiongeza taratibu, pamoja na vijiko viwili vya gliserini. Gliserini inashika unyevu, ndiyo inayozuia tope lisikauke na kuchubua ngozi. Tope liwe zito kuliko la usoni: ukigeuza kijiko lisianguke.

Kiungo kilichoteguka chini ya siku mbili zilizopita kinataka ubaridi. Weka bakuli lililofunikwa kwenye friji saa moja. Maumivu ya muda mrefu yanataka joto. Weka bakuli ndani ya sufuria yenye maji ya moto iliyoepuliwa, koroga kwa dakika kama 10. Usiweke bakuli juu ya jiko moja kwa moja, na usitumie maikrowevu, maana hapo tope linakuwa vuguvugu juu na linaunguza katikati.

Pima joto ndani ya kifundo cha mkono. Ukiweza kuliacha hapo kwa kuhesabu hadi 20 bila kutaka kulitoa, liko tayari. Kwa mzee, mpimie wewe kwanza, kisha umwombe naye apime mwenyewe: "Bibi, hili joto unalivumilia?" Ngozi yake ni nyembamba kuliko yako.

Hatua ya 7: Funga, subiri, fungua

Tandaza tope kwenye nusu ya kipande cha kanga, unene wa sentimita 1, kunja nusu nyingine juu yake. Upande wenye kitambaa ndio uguse ngozi. Joto linapita vizuri, na hutahitaji kusugua ngozi wakati wa kuosha.

Funga kwa bandeji bila kukaza. Kidole kimoja kipite chini yake. Vidole vya mguu vikipoa au kupata ganzi, legeza mara moja.

Acha dakika 20 hadi 30. Usilale nalo. Baada ya muda huo tope limepoa na halina cha kuongeza, ila linaanza kuchubua. Ukishafungua, futa ngozi, kisha ukunje na kukunjua kiungo taratibu mara kumi, kwa sababu muda ule mfupi wa ulaini ndio mzuri kwa mazoezi. Kwangu mimi mazoezi hayo ni nusu ya tiba.

Umefaulu kama kiungo kinakunjika kwa urahisi zaidi na maumivu yamepungua kwa saa kadhaa. Rudia mara moja kwa siku, hadi wiki moja. Wiki ikipita bila tofauti, nenda ukapimwe.

Mahali ambapo udongo hauwekwi

Kidonda kilicho wazi. Mbegu za vijidudu vya pepopunda zinaishi udongoni, na kuchemsha kwa kawaida hakuziui. Osha kidonda kwa maji mengi safi na sabuni, na uulize zahanati kuhusu chanjo.

Kitovu cha mtoto mchanga. Kiache kikavu. Hili liseme kwa heshima lakini bila kulegeza kwa kila mkubwa anayekuja kumwona mzazi na unga wake mkononi. Pepopunda ya kitovu inaua.

Palipoungua moto. Mimina maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Udongo unafunga joto ndani na kuleta maambukizi, na hospitalini watalazimika kuukwangua kwenye nyama.

Kuhusu kula na kunywa

Vijiti vya udongo wa pemba vinauzwa sokoni karibu na ndizi na tangawizi, na mama mjamzito ndiye mnunuzi mkubwa. Hamu hiyo ni ya kweli, simlaumu anayeisikia. Mara nyingi inakwenda pamoja na upungufu wa damu. Tatizo ni kwamba udongo unashika madini ya chuma tumboni, kwa hiyo unaweza kuudhoofisha msaada wa vile vidonge vya FEFO (vya madini ya chuma na foliki asidi) anavyopewa kliniki. Anakula udongo kwa sababu damu iko chini, na udongo unazuia damu kupanda.

Juu ya hapo kuna metali. Utafiti uliofanyika katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita, ukachapishwa 2014, ulikuta aseniki katika udongo unaoliwa na wajawazito. Kijiti kilichofika sokoni Dar hakina maandishi ya kilikochimbwa. Risasi ikiingia kwa mama inavuka hadi kwa mtoto tumboni, na inaumiza ubongo unaojengeka.

Mama, mwambie nesi bila aibu: "Nesi, nina hamu ya udongo." Apime wingi wa damu. Hilo ni swali la kitabibu analolisikia kila siku.

Kunywa bentonaiti "kusafisha tumbo" kuna hatari zake. Unavimba na unaweza kuziba utumbo. Unaweza kushika dawa kabla hazijaingia mwilini, na mtu anayetumia ARV, dawa za presha, za kifafa au vidonge vya uzazi wa mpango hana nafasi ya kuchezea dozi. Ipo dawa ya kuharisha inayotengenezwa kwa udongo uliosafishwa, diosmektaiti. Hata hiyo, mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Ufaransa ilishauri isitumike kwa watoto chini ya miaka 2, wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, kwa sababu ya mabaki ya risasi. Mtoto akiharisha, mpe ORS na zinki, umpeleke kituo cha afya.

Hatua ya 8: Mabaki na kuhifadhi

Unga mkavu uweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachokaza, kabatini, mbali na bafu. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, na unga ulioachwa wazi unafanya madonge na kushika ukungu. Chota kwa kijiko kikavu kila mara.

Tope lililokorogwa halihifadhiwi. La usoni litupe siku hiyohiyo. La goti lisibandikwe mara ya pili wala kwa mtu mwingine, kwa sababu limeshika jasho na ngozi iliyokufa. Kipande cha kanga kifutwe tope kikiwa kibichi, kifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Usimwage tope kwenye sinki wala kwenye tundu la bafu. Bentonaiti inayovimba ndiyo hiyo inayotumika kuziba maji yasipenye kwenye mabwawa na kuta za visima, na ndani ya bomba itafanya kazi ileile, hasa kwenye nyumba za ghorofa ambako bomba moja linahudumia majirani watatu. Futa bakuli na uso kwa taulo la kwanza, osha taulo hilo kwenye beseni, acha tope litulie chini, mwaga maji ya juu, kisha kilichobaki kifunge kwenye mfuko wa taka au ukimwage kwenye shina la mwembe.